Mwenda Jean-Bosco: gita moja, vidole viwili, na Swahili ya Kongo iliyovuka mipaka

BUNIA – Jumapili asubuhi mjini Bunia, sauti ya gita hutoka kwenye makanisa mengi, toka Mudzipela mpaka mtaa wa Lumumba. Nyingi ni gita za umeme, zenye waya na bafle, zikisindikiza korali. Gita kavu, ile ya mtu mmoja anayekaa kwenye kiti na kuimba mambo ya maisha, imebaki zaidi kwenye kumbukumbu za wazee. Hata hivyo, ni gita ya namna hiyo iliyofikisha Swahili ya Kongo Nairobi na hata Marekani, mikononi mwa mtoto wa kijiji cha Katanga: Mwenda Jean-Bosco.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mji wa zamani wa mfalme M'siri aliyeuawa mwaka 1891 wakati Wazungu walipokuja kuchukua Katanga. Mji mkubwa wa karibu ni Likasi, ambao wakati wa Wabeleji uliitwa Jadotville. Migodi ya shaba ilikuwa imekusanya pale watu wa makabila mengi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Swahili, kama inavyowaunganisha watu wa Ituri leo sokoni na kazini. Jioni, baada ya kazi, gita ilikuwa chombo kinachofaa: haikuhitaji bendi wala umeme.

Mambo kama hayo yalitokea pia kusini mwa Marekani, ambako watu weusi walizaa muziki wa blues. Kule nako mtu mmoja na gita yake alisimulia taabu za kazi, mapenzi na safari. Wengine walivaa shingo ya chupa kwenye kidole na kuitelezesha juu ya nyuzi, mpaka gita ikalia kama mtu.

Mwenda hakuhitaji chupa. Alitumia vidole viwili vya mkono wa kuume: kidole gumba na kile cha shahada. Gumba lilishika sauti nzito za chini, na kidole cha pili kilicheza wimbo juu yake, kila kimoja kikifuata njia yake. Anayesikia kwa mara ya kwanza hudhani wapiga gita ni wawili.

Mwaka 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini na aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta kijana huyo akipiga gita katika barabara za Jadotville. Alirekodi nyimbo zake, kati yake «Masanga», uliompa Mwenda tuzo ya muziki bora wa Afrika. Diski zake zilitoka chini ya chapa ya Gallotone na kuuzwa katika nchi nyingi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alienda Nairobi, ambako alikuwa na kipindi kwenye redio. Vijana wa Kenya walimsikiliza na kujaribu kuiga vidole vyake. Ndugu yake, Edouard Masengo, naye alipata jina huko. Mwaka 1969 Mwenda alialikwa Marekani, kwenye tamasha la Newport, ambako wapiga blues wakubwa walikuwa wamezoea kupanda jukwaani.

Wakati utawala wa Mobutu ulipokataza majina ya Kikristo mwaka 1972, «Jean-Bosco» lilipaswa kuachwa. Rekodi zake za miaka ya 1980, za Ulaya na za Afrika ya Kusini, zina jina la Mwenda wa Bayeke. Alifariki mwezi wa Septemba 1990, katika ajali ya gari nchini Zambia, akiwa na umri wa miaka 60 hivi.

Lakini kuna jambo katika habari hii linalogusa Ituri moja kwa moja. Mwaka ule ule wa 1952, safari ya Tracey ilifika pia kandokando ya msitu wa Ituri. Huko alirekodi nyimbo za Wambuti, za Wabudu na za jirani zao. Rekodi za safari zake zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko kwenye chuo kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini.

Mashine ilikuwa moja na mwaka mmoja, lakini kilichofuata hakikufanana. Nyimbo za Mwenda ziliuzwa, zikapigwa redioni, na jina lake likabaki. Sauti za Ituri zilijulikana zaidi na watafiti kuliko na wajukuu wa wale walioimba.

Hata muziki wa Mwenda, waliouchunguza kwa kalamu mara nyingi walitoka mbali. David Rycroft aliandika nota za gita yake katika gazeti la wataalamu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwingereza John Low alisafiri mpaka Shaba mwaka 1979 kujifunza kwa Mwenda mwenyewe, kwa Masengo na kwa Losta Abelo, kisha akatoa kitabu. Leo mtu wa Ulaya anaweza kujifunza «Masanga» kwa kufuata karatasi.

Kwa Ituri, swali hili lina haraka yake. Vita vimewatoa watu wengi vijijini, na mzee anapokimbia huacha ngoma, likembe au gita nyuma. Akifariki kambini bila kurekodiwa, nyimbo zake huzikwa naye.

Tracey alihitaji gari kubwa na jenereta ili kurekodi wimbo wa dakika tatu. Leo simu iliyo mfukoni mwa kijana wa Bunia inatosha. Anachohitaji ni kukaa karibu na mzee, kumuuliza jina lake, jina la wimbo na alikoutoa, kisha kubonyeza kitufe.