Uzee haufungi koo: ukweli kuhusu sauti ya mwimbaji mkongwe

Tangu maigizo ya Pasaka yaishe makanisani hapa Voi, Mwatate na kule juu Wundanyi, maswali yaliyonifikia ni ya sauti tu. Msomaji mmoja ameandika kuhusu mamake mwenye umri wa miaka 67, aliyeongoza sauti ya kwanza kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka huu amenyang'anywa nafasi ya Mariamu katika igizo la nyimbo, akaambiwa sauti yake imezeeka, awaachie wasichana. Mwingine anauliza kama ni kweli mayai mabichi hurudisha sauti. Wa tatu ameuliza jambo lililoninyima usingizi: je, ampeleke babake akakatwe kimio?

Nitajibu yote, ila nianze na lile kubwa. Mwimbaji aliyevuma ujanani, akishazeeka, bado anaweza kubeba nafasi ngumu jukwaani, ya kuimba, kuigiza na kucheza kwa saa mbili mfululizo? Anaweza, lakini kwa masharti. Masharti hayo yamo ndani ya mwili wake. Hayamo katika mwaka wake wa kuzaliwa, wala katika chupa ya mganga.

Kaunti hii ya Taita Taveta ndiyo iliyoipa Kenya Fadhili William Mdawida, aliyerekodi "Malaika" na bendi ya Jambo Boys. Alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 62, kwa hiyo hatukubahatika kuisikia sauti yake ya uzeeni. Lakini Miriam Makeba, aliyeuzungusha wimbo huo ulimwenguni, tulimsikia. Makeba alikuwa mtu wa michezo ya jukwaani: mwaka 1959, huko Johannesburg, aliigiza na kuimba nafasi kuu ya kike katika "King Kong". Karibu nusu karne baadaye, Novemba 9, 2008, alikuwa bado jukwaani nchini Italia akiwa na miaka 76. Alizidiwa muda mfupi baada ya kuimba, akafariki usiku huohuo. Kilichomwangusha ni moyo. Koo lake lilikuwa limemaliza kazi ya jioni ile.

Zanzibar walikuwa na Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 17, 2013. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa popote, ila wengi wanaamini alipita miaka 100. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX, na katika miaka ile alikuwa akisafiri Ulaya kuimba taarabu na kupiga ngoma za unyago. Huko Marekani, Carol Channing, aliyezaliwa mwaka 1921, alirudi Broadway mwaka 1995 katika "Hello, Dolly!", nafasi ileile aliyoianza mwaka 1964. Alikuwa na miaka 74.

Kwa hiyo suala la kama inawezekana limekwisha. Linalobaki ni kujua inawezekanaje, na hapo lazima tuingie ndani ya koromeo.

Leso kwenye kamba

Jina "nyuzi za sauti" limetupotosha sana. Watu hufikiri ni nyuzi kama za gitaa, ambazo zikilegea unakaza na zikikatika ndiyo basi. Kumbe ni mikunjo miwili ya nyama iliyolala juu ya bomba la hewa, ubavu kwa ubavu. Kwa mwanamume mzima urefu wake haupiti sana sentimita 2, na kwa mwanamke ni sentimita 1 na kitu. Sauti yote inayoweza kulijaza kanisa inaanzia kwenye vipande hivyo viwili vidogo.

Ndani kabisa ya kila mkunjo kuna msuli. Juu ya msuli kuna tabaka la nyuzinyuzi za aina mbili: nyingine imara kama katani ya Mwatate, nyingine zenye kunyumbuka kama mpira wa manati. Juu yake kuna tabaka laini mfano wa uji mzito uliopoa, halafu utando mwembamba unaolowanishwa na ute.

Mapafu yakisukuma hewa, mikunjo inafunguka kuanzia upande wa chini kuelekea juu. Hewa ikishapita kwa kasi, mnyumbuko wa mikunjo yenyewe na kushuka kwa kani ya hewa huivuta ikafunga tena. Inafunguka, inafunga, inafunguka, bila ubongo kuamuru kila mtetemo. Mholanzi Janwillem van den Berg aliyaeleza haya vizuri mwaka 1958. Mwimbaji akishika ile La ambayo vyombo hutumia kulinganishia sauti, mikunjo yake inagongana mara 440 kwa sekunde. Akiishikilia kwa dakika nzima, ni mara 26,400. Sauti ya kwanza ikipanda kwenye Do ya juu kabisa, migongano inapita 1,000 kwa kila sekunde. Sijui kiungo kingine tunachokitumikisha hivyo kisha tukashangaa kinapochoka.

Mwaka 1974 daktari Mjapani, Minoru Hirano, alieleza jambo ambalo kila mwalimu wa kwaya angepaswa kulijua: kinachopiga mawimbi ni lile tabaka laini la juu, linaloteleza juu ya msuli ulio chini yake. Tazama leso iliyoanikwa kwenye kamba upepo wa Voi unapovuma. Kamba imetulia, nguo ndiyo inayopiga mawimbi. Sasa chukua leso hiyo uipake gundi ikauke, kisha ungoje upepo. Haitapiga mawimbi. Ndivyo kovu dogo linavyofanya kwenye mkunjo wa sauti. Julie Andrews, aliyekuwa na sauti iliyosifiwa dunia nzima, alifanyiwa upasuaji wa koo mwaka 1997, na sauti yake ya kuimba haikurudi tena kama zamani. Uzeeni sauti humpungukia mtu polepole kwa miaka mingi. Kovu huiondoa kwa siku moja.

Umri unabadilisha nini

Umri unafanya mambo matatu kwenye mikunjo hiyo. La kwanza, msuli unakonda, kama vile mapaja na mikono inavyokonda. Mkunjo uliokonda unapinda katikati, na ile miwili haikutani tena sawasawa, kama milango miwili ya mbao iliyopindishwa na jua. Hewa inavuja katikati. Mwimbaji anaishiwa pumzi kabla mstari haujaisha, anadhani mapafu yamekwisha, kumbe mlango ndio haufungi. La pili, lile tabaka laini linapoteza uwezo wa kushika maji, nyuzi za mpira zinalegea, na zile za katani zinaongezeka na kuvurugika. Wimbi linakuwa zito. La tatu, gegedu za koromeo zinageuka mfupa kidogokidogo, na kubadili sauti kutoka chini kwenda juu kunakuwa kugumu.

Hata madende hubadilika. Mwimbaji mwenye afya hutetemesha sauti mara 5 hadi 7 kwa sekunde, na sikio linaona utamu. Uzeeni madende yanapungua kasi na kupanuka, ndipo watu husema sauti ya bibi inayumba.

Wanaume na wanawake hawazeeki sauti kwa namna moja. Mwanamke akikoma hedhi, homoni ya estrojeni inashuka, mikunjo inanenepa kidogo na sauti inateremka. Mwanamume aliyezeeka msuli wake unakonda na sauti yake ya kuzungumza inapanda. Kwa hiyo mama wa sauti ya kwanza anayejikuta ameingia kwenye alto hajarogwa wala hajaacha maombi. Homoni zimebadilika.

Mapafu nayo yana hesabu yake. Baada ya miaka 30 hivi, hewa tunayoweza kuipuliza kwa nguvu katika sekunde moja hupungua kwa takriban mililita 25 hadi 30 kila mwaka. Kufikia miaka 70, karibu lita nzima imekwenda. Mvutaji sigara hupoteza zaidi.

Lakini msuli ni msuli hata uzeeni. Ukitumiwa vizuri, unajibu. Wachunguzi waliolinganisha wazee wanaoimba na wasioimba wamekuta sauti za waimbaji zikiwa thabiti zaidi. Manuel García, mwalimu wa uimbaji aliyetumia kioo kidogo kujitazama koromeo lake mwenyewe likiimba, na kuyasoma matokeo yake mbele ya wanasayansi wa London mwaka 1855, aliishi miaka 101. Sehemu kubwa ya sayansi ya sauti ilianzia kwa mwalimu wa nyimbo.

Yale ninayosikia kila siku

Mayai mabichi, asali, tangawizi, ndimu, pilipili manga, na siku hizi hata mafuta ya taa. Nimechoka, lakini nitaeleza tena. Chakula na kinywaji hupita kwenye umio. Nyuzi za sauti ziko kwenye njia ya hewa, na unapomeza, koromeo linapanda na kufungwa ili tone lisiingie. Kitu ulichokimeza kikizigusa kweli nyuzi za sauti, utakohoa mpaka machozi yatoke. Asali inatuliza kinywa na koo la juu, haina ubaya. Yai bichi linaweza kuleta salmonela. Mafuta ya taa yanaweza kuingia mapafuni na kuua. Kinachozifikia nyuzi moja kwa moja ni hewa unayoivuta: vumbi jekundu la Voi, moshi wa kuni, moshi wa sigara, au mvuke wa maji moto. Maji ya kunywa husaidia kwa kuzunguka kwanza mwilini, kwa hiyo kunywa tangu asubuhi. Ukingoja dakika tano kabla ya kupanda jukwaani, umechelewa.

Kimio. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa hakitengenezi sauti hata kidogo. Kazi yake ni pamoja na kaakaa laini, kuziba njia ya pua unapomeza. Wanaokikata kwa wembe au kisu wakidai ndicho chanzo cha kikohozi na sauti mbovu wanaleta damu isiyokoma, maambukizi na pepopunda, na wapo waliozikwa. Huyo si tabibu, ni mtu mwenye wembe. Ewe uliyeniuliza kuhusu babako, usimpeleke. Nakuomba kwa heshima zote.

"Mbona Bi Kidude alivuta sigara?" Alivuta, ndiyo. Kuna pia watu waliovuka barabara kuu ya Mombasa bila kutazama wakafika salama. Hatufundishi watoto wavuke hivyo. Sigara ndiyo chanzo kikubwa cha saratani ya koromeo, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni sauti kupwelea.

Kunong'ona ili "kuipumzisha" sauti nako hakusaidii, maana wengi hukaza koo wanaponong'ona. Kupumzika ni kunyamaza. Na kijicho cha jirani hakijawahi kuonekana kwenye kioo cha daktari.

La kufanya

Sauti ikipwelea zaidi ya wiki tatu, nenda hospitali. Anza na Moi hapa Voi, Wesu au Taveta, na uombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo atazame nyuzi zenyewe. Usiache ikafika miezi. Taja dawa zote unazotumia: baadhi ya dawa za presha huleta kikohozi au kukausha mwili, na dawa za kuvuta za pumu zinaweza kukwaruza sauti. Ukitumia za pumu, sukutua kila mara. Uchunguze pia masikio, maana asiyejisikia hupayuka.

Fanya mazoezi mafupi kila siku. Imba ukipuliza kwenye mrija wa soda kwa dakika tano: kani inayorudi nyuma huisaidia mikunjo itetemeke bila kugongana kwa nguvu. Tembea upate pumzi. Usile chakula kizito usiku ukalala papo hapo, kwa sababu asidi hupanda na kuuchoma mlango wa koromeo.

Halafu kuna nafasi yenyewe. Waigizaji wa Broadway hupanda jukwaani mara nane kwa wiki, na hapo hata vijana huvunjika. Igizo la kanisani ni mara moja Ijumaa Kuu na mara moja Pasaka. Mkongwe anahitaji siku za kupumzika katikati ya mazoezi, kipaza sauti, kiti nyuma ya pazia, mstari mrefu uliogawanywa ili apate pa kuvutia pumzi, na mtu wa akiba siku akiugua. Zaidi ya yote anahitaji ufunguo unaolingana na sauti aliyo nayo leo. Bi Kidude alisimama na sauti nzito yenye mkwaruzo, na Channing naye alikuwa na sauti ya chini. Hawakuwa wakikimbizana na noti za msichana wa miaka 20, na hakuna aliyewadai hizo.

Kwa msomaji wangu wa kwanza: sauti ya mamako haijaisha, imehama. Mpeleke akapimwe ili tuwe na hakika hakuna ugonjwa, kisha ampe mwalimu wake ujumbe huu kutoka kwangu. Mwalimu wa kwaya, shusha ufunguo kwanza, kabla hujamshusha mama jukwaani.