Je, Wajua Mtama Hupambana Vipi na Kiu?

Anayeuita mtama chakula cha njaa aende shambani Dodoma saa nane mchana, mvua zikiwa zimekata. Apitishe kidole kwenye bua: kitatoka na unga mweupe. Hiyo ni nta, nayo huzuia maji yasipotelee hewani. Lakini kazi kubwa iko kwenye stomata, vitundu vidogo vya jani.

Kila kitundu kina seli mbili pembeni. Zikijaa maji kinafunguka, zikinywea kinajifunga. Mmea ukishikwa na kiu hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki. Siku za kawaida, kimeng'enya chenye uwezo wa kuamuru kufunga huwa kimebanwa na kimeng'enya kingine. Homoni ikifika huingia kwenye kishimo cha protini pokezi. Protini hiyo hubadilika umbo na kumng'ang'ania yule mbanaji. Kilichobanwa kinaachiwa, kinafungua njia kwenye utando wa seli, kloridi inatoka, potasiamu inafuata, na maji nayo yanafuata. Seli zinanywea, kitundu kinafungwa. Ni kazi ya dakika tu! Homoni hii inajulikana tangu miaka ya 1960, lakini protini zinazoipokea zilitambuliwa mwaka 2009.

Kufunga kuna gharama: kabonidioksaidi haiingii, na jani haliwezi kujitengenezea chakula.

Mahindi nayo yana mfumo huu. Ila yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, mavuno ndiyo yamekwenda. Mtama huzamisha mizizi chini zaidi, husimamisha ukuaji, kisha huendelea mvua ikirudi. Hata hivyo, mwaka hadi mwaka tunapanda mahindi kwenye ardhi kavu na kuomba msaada wa chakula baadaye. Ndiyo, kwelea kwelea, ndege wanaokula punje za mtama, ni adui wa kweli, na mkulima hawezi kuachiwa peke yake awafukuze kwa kombeo. Lakini kuudharau mmea uliozaliwa Afrika, uliolimwa Sudan zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, ni hasara ya kujitakia.

Matumizi? Ugali, uji, togwa, pombe, mabua ya uzio, malisho. Kwenye malisho pana hadhari: mtama mchanga, au uliochipua upya baada ya ukame, hulimbikiza kemikali inayozalisha sianidi ng'ombe anapoutafuna. Mfugaji asubiri urefuke na kukomaa kwanza.