Kumfundisha Mtoto Kutafuta Robo na Thuluthi kwa Kugawanya



Wengi wetu twadhani hesabu za sehemu ni kazi ya mwalimu peke yake. Lakini soko la Magunga halimngoji mtoto amalize shule. Leo anatumwa nusu gorogoro ya mahindi, kesho robo kilo ya sukari, na akikosea ni pesa ya nyumbani imepotea. Hata mzazi ambaye hakusoma sana anaweza kumsaidia.

Chukueni punje 12 za mahindi. Mwambieni mtoto atafute robo. Azigawe mafungu 4 yaliyo sawa, halafu ahesabu fungu moja: punje 3. Basi 12 gawanya kwa 4 ni 3. Sasa atafute thuluthi: mafungu 3, kila moja punje 4. Hapo ataona kwa macho yake kwamba thuluthi inashinda robo. Watoto wengi hudhani robo ndiyo kubwa, ati kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3! Kwa Dholuo robo ni achiel kuom ang'wen, yaani moja kati ya nne. Maneno yenyewe yanaeleza, kwa hiyo msione haya kumfundisha kwa lugha ya nyumbani. (Na punje hizo msizitupe, kuku wapo.)

Penye shida ni robo tatu. Tuseme boti imeleta makarai 24 ya omena, na mapatano ni mwenye boti achukue robo, wavuvi robo tatu. Wavuvi watapata ngapi? Mtoto asiyeelewa atagawanya 24 kwa 3, aseme 8. Hapo wavuvi wamepunjwa makarai 10! Namba ya chini ndiyo ya kugawanya: 24 gawanya kwa 4 ni 6. Namba ya juu yaonyesha ni mafungu mangapi ya kuchukua: 6 mara 3 ni 18. Kisha ahakikishe: 18 ya wavuvi na 6 ya mwenye boti ni 24.

Kukibaki kitu asiogope. Gunia la kilo 90 likigawiwa watu 4, kila mtu hupata kilo 22, na kilo 2 zinabaki. Hizo ni kama gorogoro moja tu. Basi kila mtu aongezewe robo gorogoro, na mtoto mwenyewe ndiye apime.