Mpango G, Mpango N, au usinunue kabisa: bima ya nyongeza kwa wazee wetu walioko Marekani

Wazee wetu wengi wanaoishi Marekani, pamoja na watoto wanaowashughulikia makaratasi, huamini kwamba kadi ya Medicare ikishafika basi habari ya matibabu imekwisha. Haijaisha. Medicare, bima ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1965 kwa watu wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, hulipa sehemu kubwa ya gharama lakini huacha mapengo, na mojawapo halina kikomo. Sehemu B, inayohusu madaktari, vipimo na matibabu ya wasiolazwa, hulipa asilimia 80 ya bei iliyokubaliwa. Asilimia 20 ni juu ya mgonjwa. Kwa anayekwenda kupimwa presha, hizo ni hela ndogo. Kwa mgonjwa wa saratani ambaye dripu zake zimefika dola 100,000 kwa mwaka, ni dola 20,000, na mwaka ukigeuka hesabu inaanza upya.

Sehemu A, ya kulazwa, nayo ina yake. Mwaka 2026 anayelazwa hutoa mwenyewe dola 1,736 kabla Medicare haijaanza kulipa. Wengi hudhani kiasi hicho hutolewa mara moja kwa mwaka. Sivyo. Mzee akitoka hospitali, zikapita siku 60 bila kulazwa wala kuwa kwenye kituo cha uuguzi, kisha akalazwa tena, anakitoa upya. Akikaa wodini hadi siku ya 61, anaanza kuchangia dola 434 kwa kila siku. Akihamishiwa kituo cha uuguzi kupata nguvu baada ya kiharusi au kuvunjika nyonga, siku 20 za kwanza hazina malipo, lakini kuanzia siku ya 21 hadi ya 100 ni dola 217 kwa siku. Wiki tatu za ziada katika kituo hicho ni dola 4,557.

Mapengo haya ndiyo yanayozibwa na bima ya nyongeza iitwayo Medigap. Huuzwa na kampuni binafsi, ila kinacholipwa kimepangwa na sheria na kupewa herufi: A, B, C, D, F, G, K, L, M na N. (Usichanganye Sehemu A ya Medicare na Mpango A wa Medigap, ni vitu viwili tofauti, na mkanganyiko huo umewasumbua wengi.) Kwa kuwa sheria ndiyo iliyopanga, Mpango G wa kampuni hii na Mpango G wa kampuni ile unaziba mapengo yaleyale, na utampeleka mzee kwa daktari yeyote anayepokea Medicare, jimbo lolote. Kinachotofautiana ni ada, jinsi ada inavyopanda, na pengine kizawadi kidogo kama uanachama wa ukumbi wa mazoezi. Wakala akikuambia G yake inalipa bili nyingi za hospitali kuliko G ya jirani, mshukuru, kisha tafuta wakala mwingine. Majimbo matatu yana mpangilio wake usiofuata herufi hizi: Massachusetts, Minnesota na Wisconsin. Nayataja kwa sababu Wakenya wa Lowell na ndugu zetu wengi wa Minneapolis wamo humo, na jedwali la herufi wanalotumiwa na jamaa wa Texas haliwahusu.

Kwa wengine wote, uchaguzi wa kweli ni mwembamba kuliko orodha inavyoonekana. C na F zimefungwa kwa yeyote aliyeanza kustahili Medicare tangu tarehe 1 Januari 2020. A haigusi zile dola 1,736 za kulazwa wala siku za kituo cha uuguzi. B inalipa za kulazwa, inaacha kituo. M inalipa nusu tu ya za kulazwa. D ni nzuri, lakini kampuni chache huiuza. K inaziba nusu ya mapengo mengi na L robo tatu, hadi mzee awe ametoa dola 8,000 kwa K au dola 4,000 kwa L ndani ya mwaka. Kuanzia hapo bima inabeba yote yaliyomo kwenye mkataba. Ni mipango ya mtu mwenye akiba benki anayetaka ada ndogo ya kila mwezi. Sioni kwamba inamfaa mzee anayeishi kwa pensheni peke yake.

Zinabaki G na N, na hapa ndipo penseli inapohitajika.

G inalipa kila pengo la A na B isipokuwa dola 283 ambazo mzee hutoa mwanzoni mwa mwaka kwa ajili ya Sehemu B. Akishazitoa, hana bili nyingine ya daktari kwa huduma inayotambuliwa na Medicare. N nayo inamwachia zile dola 283, na juu yake anachangia hadi dola 20 kwa baadhi ya ziara za daktari, na hadi dola 50 akienda idara ya dharura asilazwe. Vilevile N hailipi nyongeza ambayo daktari asiyekubali bei ya Medicare anaruhusiwa kutoza, isiyozidi asilimia 15.

Tuseme katika mji wenu G inazidi N kwa dola 35 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 420. Mzee mwenye afya anayemwona daktari mara sita atachangia dola 120 kwenye N, kwa hiyo amebakiza dola 300 mfukoni. Ili G imfae zaidi kwa hesabu hiyo, ingebidi aende kwa daktari zaidi ya mara 21. Mama mwenye kisukari, presha na tatizo la figo, anayezunguka kwa madaktari wanne, hufika huko bila shida. Chukueni daftari la miadi la mwaka uliopita, hesabuni ziara, kisha mlinganishe na tofauti ya ada mliyopewa. Kuhusu ile asilimia 15, ulizeni ofisi ya kila daktari wake kama inakubali bei ya Medicare kuwa malipo kamili. Nyingi hukubali, na majimbo kama Ohio na Pennsylvania yamepiga marufuku kutoza nyongeza hiyo.

Ipo pia G ya ada ndogo, ambayo haianzi kulipa mpaka mzee awe ametoa dola 2,950 za mapengo kwa mwaka. Kama G ya kawaida inazidi hiyo kwa dola 100 kila mwezi, mwaka mzuri utaokoa dola 1,200, na mwaka mbaya utapoteza dola 1,467, kwani zile dola 283 ungezitoa kwa vyovyote. Kwa mwenye dola 3,000 zisizoguswa, ni biashara ya haki. Asiye nazo aiache.

Jambo linalotugusa sisi hasa ni safari ya nyumbani. Nje ya Marekani, Medicare hailipi, isipokuwa katika mazingira machache sana. G na N, pamoja na C, D, F na M, hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura nje ya nchi, baada ya mzee kutoa dola 250, na kwa kikomo cha dola 50,000 kwa maisha yake yote. A, B, K na L hazina kitu hicho. Lakini someni sharti lililo chini yake: dharura lazima ianze ndani ya siku 60 za kwanza za safari. Wazee wetu hawaendi Tanga au Kisumu kwa wiki mbili. Huenda Novemba wakarudi Machi, wamepita kwa ndugu wote, wameona shamba, wamehudhuria arusi. Atakayeanguka mwezi wa tatu wa safari hana bima, hata kama amelipa ada ya G kwa miaka kumi bila kukosa. Mwenye safari ndefu amnunulie mzee bima ya safari kwa muda wote atakaokuwa huko, na aulize inasemaje kuhusu ugonjwa aliokuwa nao tangu zamani. Na hata ndani ya siku 60, jitayarisheni kulipa hospitali ya Dar es Salaam au Nairobi papo hapo, mkusanye risiti zenye majina ya vipimo na dawa, kisha mdai.

Mshindani mkubwa wa Medigap ni Medicare Advantage, ambayo zaidi ya nusu ya wenye Medicare wameichagua. Huuzwa na kampuni binafsi pia, mara nyingi bila ada zaidi ya ile ambayo kila mwenye Sehemu B hulipa, kwa kawaida dola 202.90 kwa mwezi, na mipango mingi huongeza meno, miwani na dawa za duka la dawa. Mtu hawezi kuwa nayo pamoja na Medigap. Ina kikomo cha mwaka, ambacho kwa 2026 hakiruhusiwi kuzidi dola 9,250 kwa madaktari walio kwenye orodha ya kampuni. Orodha hiyo ndiyo bei yake ya pili. Daktari asiyekuwemo hulipiwa kidogo au halipiwi kabisa, na matibabu mengi makubwa husubiri kibali cha kampuni. Halafu mzee akikaa nje ya eneo lake la huduma zaidi ya miezi sita mfululizo, kwa kawaida huondolewa. Kwa mzee anayetaka kukaa nyumbani nusu mwaka au zaidi, hilo ni kubwa.

Mtu aweza kusema: aanze na hiyo isiyo na ada, akizidiwa ahamie Medigap. Nawasihi msipange hivyo. Medigap ina dirisha la miezi sita, linalofunguka mwezi ambao mtu ana miaka 65 au zaidi na Sehemu B yake imeanza. Ndani ya dirisha hilo kampuni haina ruhusa ya kumkataa wala kumpandishia ada kwa sababu ya maradhi. Likishafungwa, katika majimbo mengi kampuni humuuliza kuhusu moyo, sukari, figo na saratani, na ina haki ya kumkatalia. Aliyejiunga na Medicare Advantage alipotimiza miaka 65 ana miezi 12 ya kujaribu na kurudi bila kuulizwa afya. New York na Connecticut huruhusu kuomba wakati wowote. Katika majimbo mengi mengine, anayehitaji Medigap kuliko wote, yaani aliyekwisha kuugua, ndiye anayefungiwa mlango. Katika ulinganisho huu wote hakuna kosa la gharama kama hilo.

Ada yenyewe ina mitego. Baadhi ya kampuni hutoza watu wa eneo moja ada ileile bila kujali umri. Nyingine huangalia umri uliojiunga nao. Nyingine, na hizi ni nyingi, huipandisha kadiri umri unavyosonga, ndiyo maana bei yao ya miaka 65 hupendeza macho. Ombeni kwa maandishi ada ya leo ya mtu wa miaka 65, 70, 75 na 80, na kiwango cha ongezeko la miaka mitano iliyopita. Mume na mke hununua mikataba miwili. Dawa za duka la dawa hazimo katika Medigap. Zinahitaji Sehemu D, yenye ada yake, ambayo mwaka 2026 humwekea mzee kikomo cha dola 2,100 kwa dawa zinazotambuliwa na mpango wake. Meno, miwani, vifaa vya kusikia na kutunzwa kwa muda mrefu pia hazimo.

Kwa wazazi waliofuata watoto, hesabu inaanzia mbali zaidi. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu akiwa na miaka 65 na amekaa Marekani miaka mitano mfululizo anaweza kununua Medicare, lakini bila kipindi cha kazi cha robo mwaka 40, chake au cha mwenzi wake, Sehemu A peke yake hufikia dola 565 kwa mwezi. Kodi ambayo mtoto amelipa kwa miaka 20 haimsaidii mama yake hapa. Kwa bei hiyo A na B pamoja ni dola 767.90 kwa mwezi, zaidi ya dola 9,200 kwa mwaka, kabla ya Medigap, na Medigap haiuzwi kwa asiye na sehemu zote mbili.

Mzee mwenye kipato kidogo asinunue Medigap kabla hajaomba msaada wa jimbo. Mpango uitwao QMB humlipia ada za Medicare pamoja na yale mapengo yanayozibwa na Medigap. Mwenye Medicaid, yaani bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, sheria kwa kawaida inakataza hata kumuuzia mkataba wa Medigap, na bado wapo waliouziwa.

Ningekuwa nachagulia mzazi mwenye uwezo wa kulipa ada, ningechukua N kwa mwenye afya ambaye madaktari wake wote wanakubali bei ya Medicare, na G kwa mwenye maradhi ya kudumu, ila kwa yule wa G nisingepitisha hata wiki moja ya lile dirisha nikiwaza.

Bei za mji wenu zinaonekana kwenye Medicare.gov kwa kuandika namba ya posta. Kila jimbo lina washauri wa SHIP, ambao ushauri wao ni bure na hawauzi bima yoyote. Simu ya Medicare ni 1-800-633-4227, na mkalimani hatozwi. Mzee aseme tu kwamba anataka Kiswahili. Akishanunua ana siku 30 za kuusoma mkataba na kuurudisha arejeshewe fedha zake. Pigeni simu hiyo kabla Sehemu B haijaanza.