Megabiti Hazitibu Taa Nyekundu

Nilikuwa kwenye foleni ya chapati pale steji ya 46, Kawangware, Ijumaa jioni, nilipoguswa bega. "Fundi, nataka kuweka waifai kwa nyumba. Nichukue Mbps ngapi ndiyo isikatike-katike?"

Swali hili nimeulizwa nikiwa juu ya ngazi, nimeulizwa ndani ya matatu, na mara moja niliulizwa matangani, marehemu hata hajazikwa. Kazi yangu ni kuvuta faiba na kupandisha antena Kabiro, Gatina na mitaa jirani. Leo nalijibu kwa maandishi, na atakayeniuliza tena nitamwonyesha ukurasa huu.

Jibu ni kwamba hazipo. Hakuna idadi ya Mbps, iwe 5 au 500, inayozuia mtandao kukatika. Mbps, yaani megabiti kwa sekunde, zinapima upana wa bomba tu. Mkazi wa Kawangware ambaye mfereji wake umekauka tangu Jumanne hakimbilii dukani kununua bomba nene zaidi. Anauliza maji yamekwama wapi, nani anafungua vali, na leo ni zamu ya upande gani. Kisha anatafuta mitungi. Mtu huyo huyo intaneti ikimsumbua, anapigia kampuni simu na kusema, "Niongezeeni."

Nao wanamwongezea. Wamkataze kwa nini? Megabiti ndiyo bidhaa iliyo kwenye bango lao.

Mama mmoja mshonaji, anayeishi ghorofa ya tatu karibu na Naivasha Road, aliniita subira ikiwa imemwishia. Wateja wake humtumia mitindo na vipimo kwa WhatsApp, na kila jioni, saa ambayo watu wametoka kazini na wanataka kuagiza, mtandao unapotea. Alianza na Mbps 8. Kampuni yake, ambayo haina haja ya kutajwa, ikamshauri apande hadi 20. Akapanda, na jioni ikaendelea kuwa ile ile. Wakamshauri 40. Akapanda tena. Nilipofika alikuwa analipia kifurushi cha watu wenye nyumba ya vyumba vinne Lavington, naye anaishi kwenye chumba kimoja na cherehani.

Sikupima spidi. Niliangalia taa. Kwenye kile kijisanduku cha faiba kuna taa iliyoandikwa LOS. Ikimeta nyekundu, ujue mwanga haufiki, kwa sababu faiba ni uzi wa kioo na kinachopita ndani yake ni mwanga. Saa kumi na moja jioni taa ilikuwa imezima, yaani mambo shwari. Nikaufuata uzi kwa kidole: kutoka kijisandukuni, nyuma ya cherehani, ukapanda ukutani mpaka dirishani, na kutokea nje kwenye kona ya fremu ya chuma.

"Mama, hili dirisha hufungwa saa ngapi?"

"Mbu wakianza, fundi. Kama saa moja hivi."

Nikalifunga. Taa ikaanza kumeta nyekundu.

Niliunganisha kipimo cha mwanga ili aone mwenyewe. Dirisha likiwa wazi, kilisoma desibeli 19 chini ya sifuri. Likifungwa, 29 chini ya sifuri. Desibeli 10 maana yake mwanga umebaki sehemu moja ya kumi, na vijisanduku vingi vya nyumbani huanza kushindwa ukishuka kupita 27 hivi chini ya sifuri. Uzi ulikuwa unabanwa kila jioni kama kidole mlangoni. Kampuni ingemuuzia hata Mbps 1,000 na dirisha lingeendelea kuubana. Tulitoboa tundu dogo ukutani, tukaupitishia humo, kazi ya nusu saa. Akarudi Mbps 8. Hajanipigia simu tangu siku hiyo, na katika kazi hii mteja asiyepiga simu ndiye mteja anayekusifu.

Sasa hesabu, kwa wale wanaodhani nawanyima raha. Netflix wenyewe wanasema video ya ubora wa juu, ile ya HD kamili, inahitaji Mbps 5. Mkutano wa Zoom wa video hauzidi 4. Simu ya WhatsApp ni chini ya hapo kwa mbali. Familia yenye televisheni moja, mtoto anayefanya kazi ya shule na simu mbili inatoshwa na Mbps 10 au 15, mradi ziwe zinafika kweli. Ukiona kaduara kanazunguka kwenye kifurushi cha 15, kwa kawaida kuna kitu kimebanwa, kimejaa au kimezimika, na ukilipia 40 kitabaki hapo hapo.

Tena hizo 40 zenyewe si zako. Kwenye bango tafuta neno "hadi", lile lililoandikwa kwa herufi za chungu. Katika mfumo wa faiba uliozoeleka majumbani, mwanga mmoja wenye takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde hugawanywa kwa nyumba 32, wakati mwingine 64. Huo ni mgawo mzuri. Shida huanza pale kampuni inapolisha mamia ya wateja kwa mfereji mwembamba nyuma ya pazia. Saa nane mchana kila mtu anafurahi. Saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa kwenye YouTube, kila mtu anaipigia kampuni simu aongezewe Mbps.

Kuna dawa nyingine ya mtaani inayonichosha: busta. Mtu anateremka Luthuli Avenue, ananunua kidude chenye antena sita, anakichomeka karibu na kitanda. Busta inayopokea mawimbi mabovu inayarudia yakiwa mabovu vile vile, ila kwa sauti kubwa. Wengine wanazungushia rauta karatasi ya foili. Ndugu yangu, nyumba yako tayari imezungushiwa mabati, na mabati yanarudisha mawimbi sawa na foili. Isogeze rauta itoke nyuma ya televisheni, iweke juu, karibu na unapokaa. Kwenye fleti ya vyumba arobaini, kumbuka kwamba masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na majirani wote wamejazana humo. Hamia gigahezi 5 kama simu yako inaikubali. Na kabla ya kumlaumu yeyote, unganisha kompyuta kwa waya. Ikikimbia vizuri kwa waya, kampuni haina kosa, tatizo liko hewani mwa chumba chako.

Kinachopaswa kuulizwa, badala ya Mbps, ni muda. Muuzaji akikwambia mtandao wake unapatikana asilimia 99 ya wakati, inasikika kama alama za mtoto aliyeongoza darasa. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Asilimia moja yake ni saa saba na dakika 12. Kama zote zinaangukia Jumapili usiku, hujui. Na kama fundi wao anachukua siku tatu kufika, hiyo asilimia 99 imekufa na kuzikwa.

Wakati mwingine ubovu uko mbali na Kawangware. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Seacom ilikuwa tayari imeumia Bahari ya Shamu tangu Februari. Mtandao ukawa mzito Kenya, Tanzania na kwingineko, na waliolipia vifurushi vikubwa wakalalamika sawa na sisi wengine. Afueni ilikuwa kwa kampuni zilizokuwa na njia nyingine, kama ile ya TEAMS inayotoka Mombasa hadi Fujairah. Muuzaji anayejua kazi yake atakwambia ana njia ngapi. Asiyejua atakutajia Mbps.

Sasa la kufanya, upesi, maana nafasi inaisha.

Faiba kama inafika kwenye ploti yako, chukua hiyo. Muulize keateka ni kampuni ngapi zimeruhusiwa kuingia. Mara nyingi mwenye ploti ameshaamua. Haifiki? Kuna mtandao wa antena, kama wa Poa Internet waliojijengea jina Kibera na Kawangware. Uliza kama mnara wao wa karibu una betri, kwa sababu stima ikipotea huko juu, taa zako za nyumbani hazitakusaidia. Rauta ya laini, 4G au 5G, inafaa mpangaji anayehamahama. Ijaribu ndani ya chumba chako saa mbili usiku, usiijaribie dukani. Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na kufikia Novemba 2024 ilikuwa imesitisha kuandikisha wateja wapya Nairobi kwa kujaa, kwa hivyo hata angani foleni hutokea. Inataka sahani, stima ya kutosha, anga wazi, na ruhusa ya kupanda paa la mwenye ploti.

Waifai ya kijana wa mtaa? Wengine ni mafundi hodari kuliko kampuni kubwa, na ukigonga mlango wanafungua. Ila Mamlaka ya Mawasiliano ina orodha ya waliopewa leseni. Muulize kama yumo. Kama anakugawia kifurushi cha nyumbani kwake, siku kampuni ikigundua mtalala giza pamoja.

Popote utakapoangukia: uliza majirani watatu wa jengo lenu, usimuulize binamu wa Lavington. Waulize mara ya mwisho ilikatika lini na ilirudi baada ya siku ngapi. Piga nambari ya huduma ya kampuni Jumamosi usiku kabla hujawa mteja, uone kama kuna atakayeshika. Lipa mwezi mmoja, usilipe mwaka. Nunua betri ndogo ya volti 12 ya rauta. Weka bando kidogo kwenye simu kwa siku mbaya. Ikikatika, angalia taa kabla ya kuzima na kuwasha mara kumi. Ukilalamika, dai nambari ya malalamiko na uiandike. Wakikupuuza, peleka nambari hiyo kwa Mamlaka. Kanuni za kumlinda mteja zipo tangu 2010.

Yule wa kwenye foleni nilimweleza haya yote, kwa ufupi, chapati zikigeuzwa. Alitikisa kichwa kwa makini. Akasema jirani yake wa chini ana faiba na hajawahi kumsikia akilalamika. Nikamwambia basi jibu analo, akamuulize jirani ni kampuni gani.

"Sawa, fundi," akasema. "Lakini nichukue Mbps ngapi?"

Nikalipia chapati zangu nikaondoka.