Sinema ya Nyumbani na Besi Inayopotea

Mvuto wa ukumbi binafsi wa sinema, yaani chumba cha nyumbani kilichotengwa kwa filamu, kikafungwa projekta, viti vya kuegemea na spika zinazomzunguka mtazamaji, hudhaniwa kuwa umo katika ukubwa wa picha. Kwa sababu hiyo mwenye nyumba mpya katika miji ya machimbo kama Geita, Katoro au Kahama, dhahabu ikimkubali, huanza kwa kununua televisheni pana na sabufa nzito, kuta akiziacha kama fundi wa lipu alivyoziacha, ilhali kuta hizo ndizo zinazoamua atasikia nini.

Sauti nzito, kama mlipuko katika filamu za vita, hutokana na hewa kutetema mara chache kwa sekunde, na kadiri mitetemo inavyopungua ndivyo wimbi linavyorefuka. Kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, mngurumo wa mitetemo 34 kwa sekunde huwa na wimbi la mita 10 hivi, hivyo katika chumba chenye urefu wa mita 5 nusu ya wimbi hilo huenea barabara toka ukuta hadi ukuta. Likigonga tofali la saruji hurudi karibu lote, likakutana na linalokuja, na kwa pamoja yakafanya wimbi tuli, yaani wimbi ambalo halionekani kusafiri bali hupanda na kushuka papo hapo. Mgandamizo wa hewa hubadilika kwa nguvu penye kuta hizo mbili, na katikati ya chumba karibu haubadiliki kabisa. Kiti cha baba mwenye nyumba, ambacho kwa heshima huwekwa katikati, ndicho kinachokosa mshindo, wakati mtoto aliyeegemea ukuta wa nyuma anausikia hadi kifuani. Baba hulaumu sabufa, hununua kubwa zaidi, na pale katikati hubaki palepale.

Kibanda umiza, lile banda la kiingilio linaloonyesha filamu na mpira, na ambalo wenye nacho hulicheka, halina ugonjwa huo kwa kiasi hicho, kwa kuwa kuta zake za mabanzi au turubai huruhusu besi kupenya nje, na watazamaji waliobanana kwenye mabenchi husharabu sauti kali kwa miili na nguo zao. Joto lake ni la kuchosha, na mvua ikipiga bati hakuna kinachosikika. Lakini filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili na Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, ambazo thamani yake yote imo katika maneno, husikika humo vizuri kuliko katika sebule ya marumaru, ambamo kila neno hufuatwa na mwangwi wake.

Tiba ya mwangwi huo ni pamba, inayolimwa Shinyanga na Simiyu. Nyuzi zake huikwamisha hewa inayotetema kati yake, na msuguano huo hugeuza nishati ya sauti kuwa joto dogo mno. Sauti ya mitetemo 1,000 kwa sekunde ina wimbi la sentimita 34, na tabaka lenye unene wa robo ya wimbi, yaani sentimita 8 au 9, huisharabu vyema, jambo ambalo sponji nyembamba za mapambo haziliwezi. Inaudhi kuona sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania ikisafirishwa nje ikiwa ghafi, kisha sponji zikaagizwa kutoka ng'ambo. Bila shaka pamba hushika moto upesi, na lazima kwanza itiwe dawa kama asidi ya boriki. Kwa besi pamba haitoshi, maana robo ya mita 10 ni mita 2.5, unene ambao ungekula nusu ya chumba. Hapo husaidia kukiondoa kiti katikati, au kuweka sabufa mbili ndogo, kila moja katikati ya ukuta wake, zikitazamana, ili misukumo yao ilizuie wimbi tuli lisijengeke.

Pini za nyaya za mitambo hii mara nyingi hupakwa utando wa dhahabu, nayo dhahabu huzuia kutu tu, haiongezi utamu wowote wa sauti. Chumba kikishatulizwa hufaa pia kurekodia kwaya, kusomeshea watoto, kutazamia mpira, kufanyia vikao vya mtandaoni, na kulala mchana.