Oksijeni, Ishara za Seli na Saratani: Kwa Nini Vizuia-Oksidishaji Si Kinga ya Moja kwa Moja

Ikisiri

Makala haya yanaeleza uhusiano uliopo kati ya mfumo wa ishara za seli na matumizi ya oksijeni katika saratani. Yanaonyesha kwamba molekuli tendaji za oksijeni si sumu tu, bali pia ni wajumbe wanaoongoza ukuaji wa seli. Kwa msingi huo, yanafafanua kwa nini vidonge vya vizuia-oksidishaji havikutimiza matarajio katika majaribio makubwa ya kinga ya saratani, kisha yanatoa mapendekezo kwa watunga sera.

1.0 Utangulizi

Katika maduka, masoko na mitandao ya kijamii ya Afrika Mashariki, vidonge na vinywaji vingi hunadiwa kwamba "huondoa sumu mwilini" na hivyo kukinga saratani. Madai hayo yamejengwa juu ya hoja inayoonekana timamu: oksijeni huzalisha molekuli zinazoharibu DNA, DNA iliyoharibika huweza kuanzisha saratani, kwa hiyo, kinachozima molekuli hizo kitazuia saratani. Hatua mbili za kwanza ni za kweli. Ya tatu haitokani nazo, na sababu yake inapatikana katika namna seli inavyotumia oksijeni na kupokea ishara.

2.0 Ugunduzi wa Warburg

Seli yenye afya, ikiwa na oksijeni ya kutosha, huvunja glukosi na kuikamilishia uoksidishaji wake ndani ya mitokondria. Njia hiyo huipatia seli takriban molekuli 30 za ATP, ambayo ndiyo nishati inayotumika moja kwa moja, kwa kila molekuli ya glukosi. Uchachushaji, unaoishia kwenye asidi laktiki, hutoa molekuli 2 tu.

Katika miaka ya 1920, mwanabiokemia Otto Warburg alibaini mjini Berlin kwamba seli za saratani huchachusha glukosi kwa wingi hata pale oksijeni inapokuwapo. Yeye alilieleza jambo hilo kuwa tokeo la kuharibika kwa upumuaji wa seli, na alikuwa bado anautetea msimamo huo mwaka 1956. Ugunduzi wenyewe umedumu: kipimo cha PET, kinachotumika kuonyesha mahali uvimbe ulipo, hutegemea ulafi huo wa glukosi. Maelezo yake ndiyo yaliyorekebishwa, kwani seli nyingi za saratani zina mitokondria zinazofanya kazi na huendelea kuzihitaji.

3.0 Ishara zinazoelekeza umetaboli

Ikiwa mitokondria ni zima, kwa nini seli ichague njia yenye nishati haba? Sehemu kubwa ya jibu imo katika ishara. Insulini na vichocheo vya ukuaji vinaposhikana na vipokezi vilivyo juu ya seli, kimeng'enya kiitwacho PI3K huamshwa, nacho huanzisha mlolongo unaoamsha protini ya AKT. AKT huongeza uingizaji na uvunjaji wa glukosi. Katika hali ya kawaida, protini ya PTEN huwa breki ya mlolongo huo. Katika saratani nyingi, jeni ya PI3K hubadilika au PTEN hupotea, na seli hubaki ikitii amri ya kukua ambayo hakuna aliyeitoa.

Njia ya pili ni protini ya HIF-1, ambayo huamsha jeni za uchachushaji oksijeni inapopungua. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kufafanua jinsi seli inavyotambua kiwango cha oksijeni na kukabiliana nacho. Aidha, seli inayogawanyika haihitaji nishati peke yake. Inahitaji pia vijenzi vya DNA, protini na utando, na glukosi huchangia vijenzi hivyo.

4.0 Molekuli tendaji za oksijeni: mjumbe na muuaji

Mitokondria zinapofanya kazi, baadhi ya elektroni huvuja na kuunda superoksaidi, ambayo hugeuzwa kuwa haidrojeni peroksaidi. Kiasi kidogo cha peroksaidi hii huweza kuoksidisha PTEN na kuizima kwa muda, na hivyo ishara ya ukuaji hudumu zaidi. Vichocheo vya ukuaji vyenyewe huifanya seli itengeneze peroksaidi kwa kusudi hilo. Kiasi kikubwa, kwa upande mwingine, huharibu DNA, protini na utando, na huweza kuiua seli.

Seli ya saratani mara nyingi huishi karibu na ukingo huo. Ili isivuke, hujiongezea vizuia-oksidishaji vyake yenyewe. Baadhi ya saratani za mapafu, kwa mfano, hubeba mabadiliko katika jeni za KEAP1 au NRF2 yanayoimarisha kinga hiyo. Kwa hiyo, kizuia-oksidishaji kinachomezwa huweza kulinda seli yenye afya, lakini pia huweza kuilinda seli ambayo tayari imeshapotoka.

5.0 Ushahidi wa majaribio

Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Finland kwa wanaume wavutaji sigara 29,133. Waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Jaribio la CARET nchini Marekani, lililohusisha watu 18,314 waliokuwa wavutaji au waliowahi kufanya kazi kwenye asbesto, lilisitishwa Januari 1996 kabla ya muda wake, kwa kuwa waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A walionyesha ongezeko la asilimia 28. Mwaka 2011, jaribio la SELECT liliripoti ongezeko la asilimia 17 la saratani ya tezi dume kwa wanaume waliotumia vitamini E.

Majaribio hayo hayathibitishi utaratibu wa kiseli ulioelezwa hapo juu. Hata hivyo, watafiti wa Gothenburg, Uswidi, walionyesha mwaka 2014 kwamba vitamini E na asetilisisteini viliharakisha saratani ya mapafu katika panya kwa kupunguza protini ya p53, ambayo hudhibiti ukuaji wa uvimbe.

Upo pia ushahidi wa upande wa pili. Huko Linxian, China, ambako lishe ilikuwa duni, mchanganyiko wa beta-karotini, vitamini E na seleniamu ulipunguza vifo, vikiwemo vya saratani ya tumbo, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 1993. Kuziba upungufu, basi, si sawa na kurundika ziada.

6.0 Mapendekezo ya kisera

Kwanza, mamlaka za udhibiti zidai ushahidi wa majaribio kwa binadamu kabla ya kuruhusu bidhaa yoyote kunadiwa kuwa kinga ya saratani. Maelezo ya maabara pekee hayatoshi.

Pili, onyo hili lisichanganywe na mipango ya matone ya vitamini A kwa watoto wala na ulaji wa matunda na mboga. Mipango hiyo huziba upungufu halisi, na chakula si kidonge chenye dozi kubwa.

Tatu, vituo vya tiba viwaulize wagonjwa wa saratani kuhusu virutubisho wanavyotumia. Tiba ya mionzi huua seli kwa sehemu kupitia molekuli tendaji za oksijeni, na mgonjwa huweza kudhoofisha tiba yake bila kujua.

Nne, wanaistilahi waepuke kuziita molekuli hizi "sumu" katika vitabu vya kiada na matini za afya. Neno hilo humfanya msomaji akubali kwamba kuziondoa zote ni heri, ilhali seli haiwezi kuishi bila ishara zake.

7.0 Hitimisho

Saratani haitokani na oksijeni kuwa adui, bali na seli kupoteza urari kati ya ishara, nishati na ulinzi. Sera inayoheshimu urari huo itahimiza lishe bora na kuacha sigara, na itadai uthibitisho kwa kila kinachouzwa kwa jina la kinga.